Kuja kwa Masihi na Kosa la Kuhesabu Siku

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Ambaye peke Yake ndiye ajuaye Saa itakuwa lini. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Nabii Isa mwana wa Maryamu, na Mitume wote waliotangulia.

Amma baad. Katika darsa yetu kijana mmoja alileta swali ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa urefu. Kijana huyu afanya kazi pamoja na rafiki yake Mkristo, na siku moja walibishana. Kijana wetu alisema: "Injili yenu yasema kuwa Isa atarudi kabla ya kizazi chake kupita; na kizazi kile kimekwisha pita zamani. Basi maneno hayo yako wapi?" Rafiki yake akamjibu kwa utulivu: "Na nyinyi Waislamu je? Si mwamngoja Isa yeye yule?" Kijana akanyamaza, akaja kutuuliza amjibu nini.

Twasema kweli: jibu la yule rafiki lina uzito, na kijana wetu alikosea namna ya kuingia katika jambo hili. Haifai Muislamu kuchukua mstari mmoja wa kitabu cha watu akaugeuza fimbo, hali ya kuwa hajui mstari huo uliambiwa nani, wakati gani, na kwa sababu gani. Kwa hiyo leo tutalitazama jambo hili kwa taratibu. Tutaanza na neno lenyewe Masihi, kisha tutazame maandiko ya Wakristo wa mwanzo na jinsi walivyoungoja mwisho wa dunia, kisha mwishowe tujitazame sisi wenyewe.

1. Neno Masihi na bishara za kale

Asili ya neno Masihi katika Kiebrania ni mtu aliyepakwa mafuta. Wana wa Israili walikuwa wakimpaka mafuta mfalme wao anapotawazwa, na kuhani mkuu vile vile. Katika kitabu cha Isaya jina hilo lapewa hata Koreshi, mfalme wa Waajemi, ambaye hakuwa Myahudi kabisa. Yeye aliiteka Babil mwaka 539 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akawaruhusu Mayahudi waliokuwa uhamishoni warudi kwao. Basi neno hili mwanzo wake halikuwa jina la mtu mmoja atakayekuja mwisho wa zama.

Lakini ufalme wa nyumba ya Daud ulipovunjwa na watu wa Babil, na baada yao wakaja Waajemi, kisha Wayunani, kisha Warumi, watu wakawa wanamtazamia mpakwa mafuta wa kuwaokoa. Na hawakukubaliana atakuwa nani. Tangu mwaka 1947 zilivumbuliwa hati za kale katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Nazo zaonyesha kuwa kulikuwa na jamaa ya Mayahudi waliokuwa wakingoja wapakwa mafuta wawili, mmoja wa nyumba ya Harun na mmoja wa Israili. Alipodhihiri Nabii Isa, alidhihiri katikati ya watu ambao kila kundi lilikuwa na picha yake mkononi.

Tutazame mfano mmoja wa bishara. Katika mlango wa saba wa Isaya, Nabii huyo azungumza na Ahazi, mfalme wa Yuda, yapata miaka 730 na kitu kabla ya Nabii Isa. Ahazi alikuwa na hofu, kwa kuwa wafalme wawili jirani, wa Dameski na wa Samaria, walimjia kwa vita. Isaya akampa ishara: mwanamke kijana atazaa mtoto, na kabla mtoto huyo hajapambanua baya na jema, nchi za wafalme wale wawili zitakuwa zimeachwa. Na kweli Waashuri waliiteka Dameski mwaka 732, na Samaria ikaanguka mwaka 722. Basi ishara hiyo ilikuwa na maana kwa Ahazi mwenyewe, katika siku zake mwenyewe.

Neno alilolitumia Isaya kwa Kiebrania, "alma", ni mwanamke kijana aliyefikia kuolewa. Waliofasiri kitabu kwa Kiyunani waliweka neno ambalo maana yake ya kawaida ni bikira. Mathayo, aliyeandika kwa Kiyunani karne nyingi baadaye, akalichukua neno hilo na kulisoma kuwa ni khabari ya Maryamu.

Hapa wako Waislamu ambao hufurahi na kusema: "Haya, tumewashika!" Tuwaulize: mmemshika nani? Si Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Maryamu na katika Sura ya Al-Imran, inayotueleza kuwa Maryamu hakuguswa na mwanamume? Sisi twaamini hivyo kwa Qur'ani, wala hatuhitaji neno la Isaya kututhibitishia, wala hatuogopi likifasiriwa vingine. Kwa sababu hiyo twaweza kulisoma kwa uadilifu. Na uadilifu ni kusema hivi: Mayahudi wengi wa zama zile waliamini kuwa maneno ya Manabii yana maana ya kwanza kwa watu wa kwanza, na maana ya pili iliyofichwa kwa watu wa mwisho. Watu wa Qumran walikifasiri kitabu cha Habakuki namna hiyo hiyo. Khabari ya Wakaldayo wa kale wakaigeuza kuwa khabari ya adui wa siku zao. Wakristo wa mwanzo walisoma kwa macho ya zama zao. Mwenye kutaka kuwafahamu, na ajue kwanza kusoma kwao, kisha ndipo akubali au akatae.

2. Waraka wa kale kuliko Injili

Watu wengi hudhani kuwa maandiko ya kwanza ya Wakristo ni Injili nne, kwa kuwa zimewekwa mbele. Sivyo. Wanavyuoni wengi wakubali kuwa la kale kabisa ni waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wathesalonike, watu wa mji wa bandari katika nchi ya Uyunani. Uliandikwa yapata mwaka 50. Wamejuaje? Kitabu cha Matendo ya Mitume chasema kuwa Paulo alikuwa Korintho wakati Galio alipokuwa liwali wa Kirumi huko. Na mjini Delphi limeonekana jiwe lenye maandishi ya Kaisari Klaudio yanayomtaja Galio huyo, ambalo kwalo huhesabiwa kuwa alitawala yapata mwaka 51 na 52. Basi waraka huu ulikuja miaka ishirini hivi tu baada ya Nabii Isa kuondoka kwa watu wake.

Na wale Wathesalonike walikuwa na msiba gani? Walifundishwa kuwa Isa atarudi karibu, wakakaa wakingoja. Lakini baadhi yao wakafa. Waliobaki wakahuzunika: je, ndugu zetu wamekosa? Paulo awatuliza kuwa waliokufa watafufuliwa kwanza, kisha walio hai watachukuliwa pamoja nao. Na katika kusema kwake juu ya walio hai, atumia neno "sisi". Yaani alijihesabu kuwa huenda naye akawa miongoni mwao. Katika waraka mwingine, kwa watu wa Korintho, aliwaambia kuwa wakati umekuwa mfupi, hata mwenye mke na awe kama asiye naye. Lakini zingatia, ndugu msomaji: katika waraka ule ule wa Thesalonike asema kuwa siku ile yaja kama mwizi wa usiku, na awaamrisha watu wakae kwa utulivu na kufanya kazi kwa mikono yao.

Agizo hilo halikuwatosha. Uko waraka wa pili kwa watu hao hao. Wanavyuoni wahitilafiana kama aliuandika Paulo mwenyewe ama mwingine kwa jina lake, lakini vyovyote iwavyo watuonyesha hali ya watu. Ilienea khabari kuwa siku yenyewe imekwisha fika, na wengine walitegemea barua iliyosemwa kuwa yatoka kwa Paulo na wenziwe. Wakawako walioacha kazi, wakawa wazururaji, wakila jasho la wenzao. Mwandishi awaambia wasitikisike kwa barua kama ile, na kwamba asiyetaka kufanya kazi, chakula na asipewe.

Tukumbuke khabari hii ya barua, kwani tutairudia.

3. Hekalu, na kizazi kile

Sasa twafika kwenye mstari aliouchukua kijana wetu. Uko katika mlango wa 13 wa Marko, na mfano wake katika Mathayo na Luka. Wanafunzi walikuwa wakiyastaajabia mawe makubwa ya Hekalu la Baitul Maqdis, ambalo mfalme Herode alilijenga upya kwa fahari kubwa. Isa akawaambia kuwa halitabaki jiwe juu ya jiwe. Wakamwuliza: lini, na ishara yake ni ipi? Hapo yakafuata maneno marefu ya vita, na njaa, na Masihi wa uongo, na chukizo kusimama mahali pasipolipasa, na kuja kwa Mwana wa Adamu katika mawingu. Kisha yakasemwa maneno ya kwamba kizazi kile hakitapita mpaka hayo yawe.

Mambo matatu yapasa kujuliwa hapa.

La kwanza, khabari ya chukizo yatoka kitabu cha Danieli, na huko ilikuwa na maana yake. Mwaka 167 kabla ya Nabii Isa, mfalme Antioko wa Shamu aliikataza dini ya Mayahudi, na madhabahu ya masanamu yakasimamishwa ndani ya Hekalu, mpaka likatoharishwa mwaka 164. Marko alichukua lugha ya msiba ule wa kale akaeleza kwayo msiba wa zama zake.

La pili, msiba huo ulikuja. Mayahudi waliwaasi Warumi mwaka 66, na mwaka 70 jeshi la Tito likauteka mji na Hekalu likateketea. Kwa wanavyuoni wengi, Marko aliandika karibu na miaka hiyo hiyo. Basi neno la kizazi kile kutopita, wako Wakristo walifasirilo kuwa ni khabari ya Hekalu, na kizazi kile kweli kiliyaona. Wengine wasema "kizazi" maana yake ni taifa la Mayahudi au jamaa ya waumini. Na wako wanavyuoni, wengine wao ni Wakristo, wasemao wazi kuwa waumini wa kwanza walidhani mwisho u karibu, na haukuja. Mwenye kutaka kujadiliana na azijue kauli zote hizi, asiishike moja kana kwamba hakuna nyingine.

La tatu, na ndilo kubwa: mara tu baada ya neno hilo la kizazi, Marko asema kuwa siku ile na saa ile hakuna aijuaye, si Malaika mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake. Kijana wetu aliushika mstari wa juu akaacha uliokuwa chini yake! Na huu wa chini wakaribiana sana na tunayoyasoma sisi. Katika Hadithi ya Jibrili, Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa khabari ya Saa alijibu kuwa mwenye kuulizwa hajui zaidi kuliko mwenye kuuliza.

Sasa yatazame maandiko yaliyofuata, kwa mpango wa kuandikwa kwake. Luka, aliyekuja baada ya Marko, mahali pa chukizo aweka majeshi yaliyouzunguka mji, yaani jambo ambalo watu walikuwa wamekwisha liona. Na aongeza kuwa wako watakaosema wakati umekaribia, nao wasifuatwe. Mwanzo wa Matendo ya Mitume, wanafunzi wauliza kama huu ndio wakati wa kurudishwa ufalme kwa Israili. Wajibiwa kuwa nyakati si zao kuzijua, kisha wapewa kazi ya kufanya. Mwisho wa Yohana yatajwa dhana iliyoenea kuwa mwanafunzi fulani hatakufa mpaka Isa arudi, na mwandishi aisahihisha. Na katika waraka wa pili wa Petro, ambao wengi wauhesabu miongoni mwa maandiko ya mwisho kabisa, watajwa wenye kudhihaki wakiuliza ahadi iko wapi. Wajibiwa kuwa siku moja kwa Mungu ni kama miaka elfu, na kukawia kwake ni rehema, ili watu wapate kutubu.

Haya yote yaonyesha nini? Yaonyesha jamaa ya watu waliokuwa wakijifunza kungoja. Walianza kwa haraka, wakapatwa na mauti na vita, wakarudishwa hatua kwa hatua kwenye subira na kazi. Ajuaye hivi hawezi tena kuwacheka.

4. Waliohesabu, wao na sisi

Pamoja na makatazo hayo, watu hawakuacha kuhesabu. Yeremia alitaja miaka sabini ya utumwa wa Babil. Kitabu cha Danieli kikaifasiri kuwa majuma sabini ya miaka, yaani miaka 490. Waraka uitwao wa Barnaba, wa Wakristo wa kale, ukazigeuza siku sita za kuumbwa dunia kuwa miaka elfu sita. Huko Marekani William Miller alizichukua siku 2,300 za Danieli akazifanya miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Nabii Isa, akapata kuwa Isa atarudi karibu na mwaka 1843. Mwishowe wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mavuno yao mashambani. Jua likachwa, likachomoza.

Na hapa pwani kwetu, mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wadogo wakiwamo. Ilielezwa kuwa watu wale walifundishwa kujinyima chakula mpaka wafe, ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Wakristo wenyewe walilia na kulaani kama tulivyolia sisi. Jambo hili basi si mchezo wa mabishano ya barazani. Ni roho za watu.

Lakini Muislamu asiseme: "Hayo ni yao." Imamu Suyuti, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 911 wa Hijra, aliandika risala kuwajibu waliosema kuwa umma huu hautapita miaka elfu, na katika kuwajibu, naye akahesabu kuwa utapita elfu lakini ziada yake haitafika miaka mia tano. Ikiwa bahari ya elimu kama yeye aliingia katika hesabu, sisi tusiojua hata nahau tutasalimika vipi?

Mwaka 1908 ilienea Lindi na miji mingine ya pwani, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, barua iliyosemwa kuwa imetoka Makka. Ndani yake mlikuwa na ndoto ya Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume, na onyo kuwa dunia imefika mwisho wake. Watu wakatishika, misikiti ikajaa, na serikali ikaogopa kuwa ni fitina. Ilikuwa punde tu baada ya vita vya Maji Maji, na nchi ilikuwa na majivu na makaburi mapya. Je, hukumbuki barua ya Thesalonike? Ni ugonjwa ule ule: watu wenye huzuni, na karatasi yenye jina kubwa. Na wasia huo wa Sheikh Ahmad haujafa. Leo wapita katika simu, na mwenye kuupokea aambiwa asipoupeleka kwa wenziwe atapatwa na balaa.

Na mwaka 1979, tarehe mosi Muharram 1400, watu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka wakimtangaza mmoja wao kuwa ndiye Mahdi. Damu ilimwagika katika nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa majuma mawili, na huyo aliyeitwa Mahdi akauawa. Walikuwa na Hadithi midomoni mwao. Walichokosa ni fahamu.

5. Jibu kwa kijana wetu

Basi, ndugu yetu, mwenye kusoma bishara, iwe katika kitabu chetu ama cha wenzetu, na ajiulize mambo matatu. Maneno haya yaliambiwa nani, na alikuwa katika hali gani? Yaliyoandikwa baada yake yameyafahamu vipi? Na lililo wazi ni lipi, ili lisiachwe kwa ajili ya lililofichika? Lililo wazi kwetu ni kuwa elimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu.

Rudi kwa rafiki yako umwambie: "Ulisema kweli; nasi twamngoja Isa." Usifiche tofauti zetu: wao wamwita Mwana wa Mungu, nasi twashuhudia kuwa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, na kwamba Mtume wetu alitukhubiria kuwa atashuka awe hakimu mwadilifu. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo ya kuzungumzwa kwa adabu na dalili. Ama kuwacheka watu kwa kuwa wamengoja na hakijawa, huko ni kujicheka wenyewe, kwani nasi tumengoja karne kumi na nne.

Mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) Saa itakuwa lini. Hakumpa tarehe, alimwuliza ameiandalia nini. Na imepokewa kwake kuwa Kiyama kikimkuta mmoja wetu na mche mkononi, naye aweza kuupanda, basi na aupande. Lau Wathesalonike walioacha kazi wangaliyasikia haya, wangalijua kuwa ndilo waliloambiwa na mwalimu wao.

Maswali ya kuzungumzwa katika darsa: Kwa nini hesabu za mwisho wa dunia huenea zaidi wakati wa vita na msiba? Aliyeletewa ujumbe wa kutisha katika simu yampasa kufanya nini kabla ya kuupeleka kwa mwenziwe? Na kila mmoja wetu, mche wake wa leo ni upi?

Mwenyezi Mungu atupe fahamu, atuepushe na fitina zilizo dhahiri na zilizofichika. Wallahu aalam.